Kushuka na mto Adige: Reschen hadi Verona kwa baiskeli, bila gari nyuma yako

Anayeendesha baiskeli kwenye lami kati ya Moshi na Arusha anayajua maisha yale. Sikio moja linasikiliza pumzi yako, la pili linasikiliza fuso linalokuja nyuma, na macho yanatafuta pa kukimbilia pembeni. Kwa hiyo mdogo wangu, ambaye ni muuguzi München, Ujerumani, aliponiambia kuna bonde kwenye milima ya Alps ambako mtu anashuka na mto kuanzia karibu na chanzo chake mpaka mjini Verona, Italia, na sehemu kubwa ya njia hairuhusu magari, nilimwambia aombe likizo mara moja.

Tulikwenda Septemba, msimu wa kuvuna matufaha. Haya nimeyaandika nikiwa nimesharudi Moshi, kwa kufuata daftari langu na picha za simu. Bei ni zile tulizolipa sisi, na kwa kiwango tulichobadilishia fedha euro moja ilikuwa inakaribia shilingi elfu tatu.

Mto wenyewe unaitwa Adige kwa Kiitaliano na Etsch kwa Kijerumani. Unaanza kama chemchemi juu ya kijiji cha Reschen, mita 1,550 kutoka usawa wa bahari, jirani na mpaka wa Austria, na unasafiri kilomita 410 hadi bahari ya Adriatiki. Ndani ya Italia ni Po peke yake unaouzidi urefu. Sehemu ya juu, South Tyrol, ilikuwa ya Austria hadi Vita Kuu ya Kwanza, na wenyeji wengi wanaongea Kijerumani hadi leo, ndiyo maana kila kibao kina majina mawili: Mals ni Malles, Bozen ni Bolzano. Ukikata tiketi kwa jina moja na kuona lingine stesheni, usishtuke.

Kuhusu viza: ya Schengen, yaani viza moja ya nchi nyingi za Ulaya, unaiomba kwa nchi utakayolala siku nyingi zaidi. Kwangu ilikuwa Ujerumani, kwa kuwa nilikaa kwa mdogo wangu kabla na baada ya safari. Ada kwa mtu mzima ni euro 90, na bima ya safari lazima ifidie matibabu yasiyopungua euro 30,000. Anza mapema, foleni ya miadi ni ndefu.

Jumapili: München hadi Mals

Treni ya moja kwa moja inapita Innsbruck, inapanda kipito cha Brenner na kushuka hadi Bozen kwa muda wa kama saa nne. Baiskeli inalipiwa nafasi yake na nafasi zenyewe ni chache, hivyo kata tiketi ya baiskeli kwanza, yako baadaye. Mdogo wangu alikuwa amekata wiki kadhaa kabla, na hata hivyo behewa lilijaa.

Kutoka Bozen tulipanda treni ndogo hadi Meran, na hapo tukakwama. Treni ya kwenda Mals ilikuja imeshajaa baiskeli, kondakta akahesabu kwa kidole, akatikisa kichwa, mlango ukafungwa. Tuliachwa wengi pale. Mama mmoja aliyekuwa na wanawe wawili alituvuta hadi mwisho wa jukwaa, akatuonyesha alama chini panaposimama behewa la baiskeli, akatuambia tusibanduke hapo. Kisha akafungua mfuko, akatugawia zabibu. Treni iliyofuata tulikuwa wa kwanza kuingia. Ukifika stesheni za njia hii, itafute alama hiyo kabla ya kutafuta kahawa.

Reli hii ya Meran hadi Mals ilifunguliwa 1906, ikafungwa 1990 kwa kuonekana haina faida, kisha ikafufuliwa 2005. Leo ndiyo uti wa mgongo wa bonde kwa waendesha baiskeli: unashuka kwa kuendesha, unachoka unapochokea, unaingia stesheni iliyo karibu na treni inakurudisha. Nilikutana na wazee wa miaka sabini na kitu wanaofanya hivyo kila wiki. Lami nzuri peke yake isingewatoa nyumbani. Kinachowatoa ni uhakika wa kurudi.

Jumatatu: Reschen hadi Glurns

Asubuhi gari dogo lenye trela la baiskeli lilitupandisha kutoka Mals hadi Reschen kwa euro 15 kila mtu pamoja na baiskeli yake. Wenye miguu wanapanda wenyewe. Juu kulikuwa na nyuzi sita, na upepo unaopenya glovu.

Kilomita chache kutoka hapo, karibu na kijiji cha Graun, mnara wa kanisa umesimama ndani ya ziwa. Picha zake zimeenea kila mahali na watu wanazipenda, lakini ukisimama ukingoni unachokitazama ni kijiji kilichozamishwa. Mwaka 1950 bwawa la umeme liliunganisha maziwa mawili ya asili, maji yakapanda, nyumba 163 na mashamba ya wakulima vikafunikwa. Wenyeji walipinga, hawakusikilizwa. Mnara ni wa karne ya 14, nao uliachwa. Wanasimulia kuwa usiku wa baridi kali kengele husikika kutoka majini, ingawa kengele ziliondolewa kabla ya maji kufika. Nilikaa pale muda mrefu kuliko nilivyopanga. Kwetu pia tuna vijiji vilivyopisha mabwawa, na nilikuwa nawafikiria wazee wanaotazama maji na kujua kisima chao kilikuwa upande gani.

Baada ya ukuta wa bwawa na kijiji cha St. Valentin, mteremko unaanza. Ndani ya kilomita kumi hivi unashuka mita mia nne, kwenye kijilami chembamba kinachokatisha malisho. Ng'ombe wana kengele shingoni, nyasi zimefyekwa chini kabisa, na mbele yako kuna mlima Ortler, mita 3,905, umevaa theluji. Nikiwa nimebana breki zote mbili nilimsikia mdogo wangu nyuma akiita: "Dada, usibane mfululizo! Bana, achia, bana, achia!" Rimu zikipata moto kwenye mteremko mrefu, breki zinapoteza nguvu na tyubu inaweza kupasuka. Nilifanya kama alivyosema, na kufika chini breki zilikuwa bado zinafunga vizuri.

Juu ya kijiji cha Burgeis kuna monasteri nyeupe ya Marienberg, ya watawa Wabenedikto, imeganda ubavuni mwa mlima. Chini yake bonde linafunguka na njia inakuwa tambarare. Tulilala Glurns, mji mdogo mno ambao ukuta wake wa zamani bado unauzunguka wote, una milango mitatu na wakazi wasiofika elfu moja. Chumba na kifungua kinywa, euro 52 kwa kila mtu, na kodi ya wageni juu yake kila usiku. Hiyo kodi hutaiona kwenye tovuti nyingi za kukodi vyumba, ihesabu mapema.

Chakula cha jioni kilikuwa Schlutzkrapfen, vipande vya unga wa rai, nafaka inayofanana na ngano, vilivyokunjwa nusu mwezi, ndani mchicha na jibini laini, juu siagi ya moto. Euro 13. Asubuhi mezani kulikuwa na mkate wa eneo hili, Vinschger Paarl, mikate miwili ya mviringo inayookwa ikiwa imeshikana. Mgumu kidogo, una harufu ya viungo, na unakupeleka hadi saa saba mchana bila kudai kitu kingine.

Jumanne: Glurns hadi Meran

Hii ndiyo siku iliyonifurahisha kuliko zote, nami nitakaa nayo.

Huko Prad njia inagawanyika. Wanaotaka kuteseka wanakata kulia kwenda kupanda kipito cha mlima cha Stelvio, mita 2,757, kona kali 48 kwa upande huu. Tuliwaona wakipita kimyakimya, tukawatakia heri, tukaendelea na mto. Huko Laas hata kingo za mitaa ni za marumaru. Mlimani wanachimba marumaru nyeupe ngumu isiyolika na baridi, na misalaba mingi ya makaburi ya askari wa Marekani waliokufa katika Vita Kuu ya Pili ilichongwa kutoka hapo.

Baada ya Laas ni matufaha. Nasema matufaha, yaani kilomita na kilomita za miti mifupi iliyopangwa kwa mistari kwenye nguzo za zege na nyaya, na matunda yamejaa mpaka usawa wa goti. Njia ya baiskeli inapita katikati. Na hapa nieleze neno "bila magari" maana yake ni nini: ni barabara za mashamba na migongo ya matuta ya mto. Karne ya 19 mto ulinyooshwa na kujengewa matuta ili vinamasi vya chini vikauke, na juu ya matuta kukawa na njia za kuyatunzia. Njia hizo na za mashambani zikatiwa lami, gari binafsi likakatazwa, ukawekwa ubao. Trekta linaruhusiwa, na Septemba matrekta ni mengi, yanavuta makreti makubwa ya matufaha. Dereva akikuona anapunguza mwendo, anakaa upande wake, anainua kidole kimoja kutoka kwenye usukani. Nawe unainua chako. Tuliendesha sambamba siku nzima, tukiongea kwa sauti ya kawaida habari za nyumbani, mama, shamba, nani kaoa. Kabla ya siku ile sikuwahi kuongea na mtu kwa muda wa saa tano nikiwa juu ya baiskeli.

Karibu na Kastelbell tulisimama kunywa maji kwenye bomba la mbao, ambalo kila kijiji kinalo na maji yake yanafaa kunywa. Mzee aliyekuwa anashusha makreti alituuliza tunatoka wapi. Kilimanjaro alikuwa analijua. Alichagua matufaha manne kwa kuyageuza moja moja mkononi, akatupa, kisha akasema twende akatuonyeshe kitu.

Tulipanda naye dakika chache nyuma ya shamba lake. Ubavu ule wa mlima unaotazama jua ni mkavu, una nyasi za njano na miiba, maana bonde hili ni kati ya sehemu zenye mvua chache kabisa kwenye Alps. Pale palikuwa na mfereji, upana wa hatua moja, umechongwa ubavuni na kupitishwa sehemu nyingine kwenye magogo yaliyochimbwa. Wanauita Waal. Kwa karne nyingi vijiji vilileta maji ya barafu namna hiyo kutoka mabonde ya pembeni, kila shamba likiwa na saa zake za kupokea, na mtu mmoja aliyechaguliwa na wote kuulinda mfereji. Kwenye mfereji kulikuwa na gurudumu dogo la mbao. Maji yanalizungusha, gurudumu linainua nyundo, nyundo inagonga kengele. Tik, tik, tik. Mlinzi akiwa mbali anasikia kengele na kujua maji yanatembea. Ikinyamaza, kuna jani au jiwe limeziba, au kuna mtu ameyageuzia kwake, na anatoka mbio.

Nilisimama pale nikashindwa kuondoka. Mimi ni mtoto wa Kibosho, kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Mfongo, yaani mfereji wetu Wachaga, umepita nyuma ya nyumba ya babu yangu, ukitoka msituni juu, unajaza ndiwa, kibwawa cha kutunzia maji, na siku ya zamu yenu ikifika mnaamka alfajiri kufungua. Kusafisha mfongo ni kazi ya ukoo mzima, na asiyetokea analipa faini. Mababu wa huku na mababu wa kule hawakuwahi kuonana. Walikuwa na mlima wenye maji juu na shamba lenye kiu chini, wakafikia utaratibu uleule wa kupeana zamu. Mdogo wangu alimtafsiria mzee maneno yangu, naye akauliza: je, mnatumia kengele? Nikamwambia hapana, tunatuma watoto. Akacheka, akasema hata wao walituma watoto.

Mzee alieleza pia kuhusu masika ya huku. Baridi ikirudi wakati miti imechanua, wanawasha vinyunyizio usiku kucha. Maji yanapoganda juu ya ua yanatoa joto, na ua linabaki salama ndani ya barafu yake. Alikuwa na picha kwenye simu, shamba zima kama kioo.

Si kila kitu kuhusu matufaha haya ni kitamu. Miti iliyobanana namna ile inapuliziwa dawa sana. Mwaka 2014 wananchi wa Mals walipiga kura na robo tatu yao wakataka dawa za sumu zipigwe marufuku katika eneo lao, ingawa baadaye mahakama ilifuta uamuzi huo. Niliikumbuka kahawa yetu na mabomba ya mgongoni ya baba zetu, wanaopuliza bila barakoa. Kura ile mimi ningeiunga mkono.

Kabla ya Naturns, juu ya mwamba, kuna ngome ya Juval, iliyokuwa makao ya Reinhold Messner, mpanda milima wa hapahapa South Tyrol na mtu wa kwanza kufika vilele vyote 14 vinavyozidi mita 8,000. Watu wa Moshi tuna la kuongeza: mwaka 1978 yeye na Konrad Renzler walipanda ukuta wa Breach, upande wa Kibo uliokuwa na barafu inayoning'inia, na waongozaji wetu bado wanausimulia.

Töll ndipo bonde linapoanguka kuelekea Meran. Njia inashuka kwa kona za kubana, na hapo familia zenye watoto zinapanda pia, shuka taratibu. Meran kuna mitende. Joto nyuzi 26. Jaketi la asubuhi liliingia mkobani likakaa huko.

Jumatano: Meran hadi Neumarkt

Meran hadi Bozen ni tuta lililonyooka, barabara kuu upande mmoja na mto upande mwingine, na tulilimaliza kabla ya saa nne asubuhi bila la kusimulia.

Bozen tulifunga baiskeli, tukaenda kumwona Ötzi, maiti ya mtu wa kale iliyohifadhiwa na barafu. Aligunduliwa na wapanda milima wawili tarehe 19 Septemba 1991 kwenye mita 3,210, akiwa ameganda kwa zaidi ya miaka 5,000. Foleni ilituchukua saa nzima. Unamwona kupitia kidirisha kidogo, amelala kwenye chumba cha nyuzi 6 chini ya sifuri, ngozi ya kahawia inang'aa kwa barafu nyembamba. Kilichonigusa zaidi ni vitu vyake kwenye kabati za nje: shoka la shaba, viatu vilivyojazwa nyasi kavu, mkoba. Alikuwa msafiri mwenye mizigo iliyofungwa kwa uangalifu.

Kusini ya Bozen mto Eisack unaingia, na Adige unakuwa mto mkubwa kweli. Lala Neumarkt ukipata nafasi. Mtaa wake mkuu una baraza za matao ambazo unaweza kutembea chini yake mji mzima bila kulowana.

Alhamisi: Neumarkt hadi Trento

Ukielekea kusini, anza mapema. Mchana upepo unaoitwa Ora unapanda kutoka ziwa Garda na kukukuta usoni. Saa sita tulikuwa tunaendesha vizuri, saa nane tulikuwa tunainama hadi pua inakaribia usukani, mwendo umeshuka nusu.

Salurn, pale miamba inapobana bonde na ngome imekaa juu ya jabali, Kijerumani kinaisha. Dakika kumi mbele salamu ni "ciao" na "buongiorno", kahawa inanywewa wima kaunta kwa euro 1.40, na hakuna anayekuuliza utakula keki gani.

Baada ya hapo tairi langu la nyuma likapata pancha, kipande cha waya. Tyubu ya akiba nilikuwa nayo, lakini valvu yake ilikuwa fupi kwa rimu ile. Mke na mume wazee waliokuwa kwenye baiskeli moja ya watu wawili walisimama bila kuitwa. Mume alitoa tyubu yenye valvu ndefu, mke akashika gurudumu, mdogo wangu akapampu. Nilitaka kulipa. Mama yule alizikunja noti zangu, akazirudisha kiganjani mwangu, akafunga vidole vyangu juu yake. Kisha akanionyesha kwa ishara: mpe mwingine tyubu siku nyingine. Ukija, pima rimu yako na valvu kabla ya kuondoka.

Kwenye njia za Trentino, mkoa unaoanza baada ya Salurn, kuna migahawa ya waendesha baiskeli iitwayo Bicigrill, iliyojengwa njiani kwenyewe, ina choo, maji, pampu na sahani ya pasta kwa euro 9. Nashauri kila mtu asimame angalau mara moja. Tulikuta meza moja ina wanafunzi, mafundi ujenzi waliotoka kazini kwa baiskeli, na mzee kwenye kiti cha magurudumu chenye pedali za mkono aliyetoka Trento peke yake. Barabara isiyo na gari huyo ndiye inayemfaa kwanza, na sisi wenye baiskeli za mbio tunafuata.

Ijumaa: mvua, Trento

Mvua ilinyesha kuanzia alfajiri. Tuliacha baiskeli hotelini tukaenda MUSE, makumbusho ya sayansi yaliyobuniwa na Renzo Piano na kufunguliwa 2013.

Sikujua ninachoendea. Ndani kuna nyumba ya kioo yenye joto na unyevu, miti, maporomoko ya maji, na maandishi ukutani: Udzungwa. Msitu wetu! Makumbusho haya yana uhusiano wa miaka mingi na Hifadhi ya Milima ya Udzungwa, na walisaidia kuanzisha kituo cha utafiti kule Mang'ula mwaka 2006. Kamera za watafiti wao ndizo zilizomnasa sange mkubwa mwenye uso wa kijivu, mnyama ambaye sayansi haikuwa imemjua, na akatangazwa rasmi 2008. Watoto wa shule wa Trento walikuwa wamekaa chini kwenye majani wakichora mimea ya Morogoro. Mwalimu wao alipojua tunatoka Tanzania, alituomba tuwatamkie majina. Tulitamka Udzungwa, wakarudia wote, mara tatu. Natamani watoto wa Ifakara na Kidatu waufahamu msitu ule kama wale wanavyoufahamu.

Jumamosi: Trento hadi Rovereto

Siku fupi kwa makusudi. Mto ulikuwa umepanda na kugeuka rangi ya chai ya maziwa, na kushoto ngome ya Beseno ilitawala kilima chake kizima.

Rovereto tulilala kwa sababu ya kengele. Juu ya kilima cha Miravalle ipo kengele iitwayo Maria Dolens, ya tani zaidi ya 22. Ya kwanza ilitengenezwa 1924 kwa kuyeyusha shaba ya mizinga ya mataifa 19 yaliyopigana Vita Kuu ya Kwanza. Kila jioni inagonga mara mia kwa ajili ya waliokufa vitani. Tulipanda kwa miguu, tukasimama na watu wa mji. Katikati ya mapigo nilifikiri vita ile ilivyofika hadi Taveta na Moshi, na wapagazi wetu waliobeba risasi na unga hadi wakafia njiani, wengi bila kaburi lenye jina. Nilihesabu mapigo hadi mwisho kwa ajili yao.

Jumapili: Rovereto hadi Verona

Ndiyo siku ndefu, kilomita themanini hivi, na upepo ulitupa ruhusa hadi adhuhuri. Mizabibu imechukua nafasi ya matufaha, imetandazwa juu ya vichanja ili mvunaji atembee chini yake. Ngome ya Avio, kisha Borghetto, na hapo mkoa wa Trentino unaishia.

Baada ya Borghetto mambo yanabadilika na lazima niseme. Vibao vinapungua, na sehemu kadhaa unaingizwa kwenye barabara za kawaida za vijiji, magari yapo. Madereva walikuwa na adabu, lakini mwenye watoto afikirie kupanda treni kipande hiki, maana stesheni ziko karibu na mto. Pakua ramani kwenye simu kabla. Huko Ceraino mto unapenya kwenye mlango wa mwamba, mwembamba, kuta za mawe pande zote, na ukitoka upande wa pili milima imeisha. Kilomita za mwisho unafuata mfereji wa Biffis, maji ya kijani upande mmoja, lami laini, hakuna gari, mpaka vitongoji vya Verona. Saa kumi jioni tulikuwa tunakula pizza ya euro 10 karibu na Arena, uwanja wa kale wa Warumi.

Treni ya kurudi München inaondoka stesheni ya Porta Nuova, na hii pia tulikuwa tumelipia nafasi za baiskeli mapema. Vyumba vilitugharimu kati ya euro 45 na 60 kila mtu kwa usiku, chakula euro 30 hadi 35 kwa siku tukinunua mkate, jibini na matunda dukani kwa ajili ya mchana. Maji hatukununua hata chupa moja mpaka Verona. Baiskeli ya lami inatosha kabisa, ila vaa tairi za milimita 28 au zaidi, kwa kuwa mizizi imeinua lami sehemu fulani na baada ya mvua kuna vipande vya changarawe. Jioni kwenye matuta wadudu ni wengi, miwani ya kioo cheupe isaidie. Asiye na baiskeli anaweza kukodi kwenye stesheni za bonde la juu na kuirudisha stesheni nyingine, ndani ya South Tyrol tu.

Mdogo wangu ameshaanza kuutaja mto Drau, kutoka Toblach kushuka hadi Lienz, kipande cha siku moja chenye treni ya kurudi. Tyubu ya yule mama iko bado kwenye gurudumu langu, na nimenunua nyingine mbili zenye valvu ndefu za kubeba Jumamosi tunapozunguka mashamba ya miwa ya TPC. Anayetaka kujiunga, tunakutana saa kumi na mbili asubuhi.